Shajara ya mradi: linki yenye komisyo ijitaje yenyewe

Mwezi wa pili, mwanzoni

Kwa wale hawajaujua mradi: ni mwongozo wa kununua vifaa vya sola kwa nyumba za hapa Lubumbashi, unasomeka kwenye simu, na kuna toleo la karatasi ambalo watu wa komini za Katuba, Kenya na Ruashi hapa mjini wanapitishiana mkono kwa mkono. Kuran (umeme) inakatika, mtu anakusanya dola moja moja mpaka anafikisha bei ya pano ya sola na batri, halafu anauziwa kitu hakifai juu hakuna mtu alimwelezea. Njo maana tulianza. Mpaka leo mwongozo hauna linki hata moja ya kutuingizia pesa, kila regilatere (kifaa kinachochunga chaji inayotoka kwenye pano kwenda batri) tunayopima na kila waya tunaokata umetoka kwenye mfuko wetu, na mfuko una mwisho wake. Sasa tumekubaliana tuweke linki za komisyo za maduka ya mtandaoni.

Kabla linki ya kwanza haijatoka, nataka tumalize swali moja: msomaji atajuaje kama akinunua pale sisi tunapata kitu, na atajua saa ngapi, kabla ya kubonyeza ao nyuma. Shajara hii ni ya hiyo kazi peke yake. Habari za pano ziko kwenye mwongozo.

Niweke wazi kwanza jinsi mambo yanavyokwenda, maana wengi niliowauliza wanafikiri ni pesa ya matangazo, yaani tunalipwa mtu akiona tu. Hapana. Duka linakupatia kode yako, unaibandika mwisho wa linki, mtu akibonyeza, browser ya simu yake inatunza kuki, yaani alama ndogo inayokumbuka ametoka wapi, na akinunua kabla muda wa ile kuki haujaisha duka linajua ni wewe ulimtuma, linakukatia asilimia. Asilimia inatoka kwa duka, bei ya mnunuzi inabaki ile ile. Amazon walianza mpango wao mwaka 1996 na kuki yao inakaa masaa 24, na ndani ya yale masaa komisyo haihesabiwi kwa kitu ulichopendekeza tu, mtu aliingia kutafuta regilatere akatoka na sufuria, sufuria nayo inahesabika kwako. Hiyo peke yake ni kitu msomaji ana haki ya kuijua.

Asilimia zenyewe ni ndogo. Mwezi wa nne 2020 Amazon walishusha vitu vya nyumba na vya kutengeneza nyumba kutoka 8% mpaka 3%. Regilatere ya dola 60 kwa 3% inaacha dola 1 na senti 80. Naiandika hesabu juu watu wako pande mbili, kuna wanaofikiri tutakuwa matajiri na kuna wanaofikiri tunafanya bure kabisa, na wote wawili hawawezi kupima neno letu vizuri mpaka waone namba.

Hapa kwetu komisyo si kitu kigeni. Ukitafuta nyumba ya kupanga Kampemba ao Kamalondo unaenda kwa komisyonere, anakuzungusha juani, mwisho anachukua kitu kama kodi ya mwezi mmoja, unalalamika kidogo lakini unamlipa na mnasalimiana, juu ulijua tangu mlango wa kwanza. Kinachouma ni yule ndugu anakuambia nenda kwa fulani, nyumba yake haina maneno, unatoa garanti (pesa ya dhamana), unaingia, kisha kuta zinaanza kutoa maji ndipo unasikia kwamba na yeye alikatiwa. Pesa ni ile ile, pengine hata yake ilikuwa ndogo, lakini kwa yule ndugu hautarudia kuuliza hata njia ya kwenda sokoni. Sisi tunataka kubaki upande wa komisyonere anayejulikana.

Mwezi wa pili, katikati

Nimekaa na sheria za wengine wiki nzima hivi. Marekani kuna tume ya biashara, FTC, mwongozo wao juu ya watu wanaopendekeza bidhaa ulitoka mwaka 1980, wakaurekebisha 2009 uguse watu wanaoandika mtandaoni, wakaurudia tena 2023. Kiini chake ni kimoja: kama kuna uhusiano wa pesa kati yako na muuzaji na msomaji asingeutarajia, useme, useme karibu na pendekezo lenyewe, na useme kwa maneno ambayo mtu wa kawaida anashika. Wanasema wazi kwamba kuweka maelezo kwenye kona ya "sisi ni nani" haitoshi, na kwamba kuandika tu "linki ya ushirika" pengine msomaji hataelewa kama inamaanisha unalipwa.

Na si maneno tu. Mwaka 2011 kampuni moja ya Tennessee, Legacy Learning Systems, waliokuwa wanauza masomo ya gita kwa DVD, walikubali kulipa dola 250,000 kumaliza kesi na FTC. Sababu ni kwamba waliopendekeza yale masomo mtandaoni walijionyesha kama wanunuzi wa kawaida ao wapimaji wasio na upande, wakati kila mauzo yaliwaingizia komisyo. Angalia nani alilipa: ni kampuni, juu haikuwachunga waliokuwa wanaisemea. Njo maana maduka sasa yanaiweka ndani ya mkataba, Amazon wanadai kila mshirika aandike wazi kwamba anapata pesa kwa manunuzi yanayostahili, na usipoandika wanakufungia.

Ufaransa nao, sheria ya tarehe 9 mwezi wa sita 2023 juu ya watu wenye ushawishi mitandaoni inalazimisha tangazo lisemwe kuwa ni tangazo, na ilipotoka, anayeficha aliweza kufikia kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000. Hii wandugu zetu wanaotengeneza video kutoka kule wanaijua vizuri, maana iliwakuta kazini.

Sheria hizi hazitatuma polisi Katuba. Lakini nimezisoma kwa sababu watu walioziandika wameshaona ujanja wote wa kuficha, na kila sentensi yao inajibu ujanja mmoja. Ukizisoma hivyo ni shule.

Jambo dogo la ufundi tumelimaliza tayari: kila linki ya komisyo inabeba rel="sponsored" ndani ya kode ya ukurasa, ile alama Google waliileta mwezi wa tisa 2019 ili mashine zao zitofautishe linki ya kulipiwa na linki ya kawaida. Msomaji haioni, kwa hiyo haihesabiki kama tumemwambia kitu. Kuna watu wanafikiri wakiiweka hiyo wamemaliza, hapana, umeiambia mashine, mtu bado.

Mwezi wa pili, mwishoni

Kazi ngumu ilikuwa ni sentensi. Sentensi moja ya kuweka juu ya linki, fupi, inayosomeka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Tulienda kuzijaribu kwa watu badala ya kubishana sisi kwa sisi. Kuna mama mmoja Katuba anauza unite (muda wa kupiga simu) na kuchaji simu za watu kwa pano yake moja, ni msomaji wetu tangu karatasi ya kwanza, nilimpa simu yangu asome. Sentensi ya kwanza ilisema mwongozo huu una linki za ushirika. Aliipita kama mtu anavyopita tangazo la redio, kidole kikashuka moja kwa moja mpaka kwenye picha ya regilatere. Nikamuuliza ile ya juu ilisema nini, akasema ni mambo yenu ya kampuni. Ya pili ilisema tunaweza kupata komisyo kidogo ukinunua. Hapo alisimama, akaniangalia, "Mwanangu, munaweza ao munapata?"

Sikuwa na kitu cha kuongeza pale. Ile "tunaweza" iko kila mahali mtandaoni, kila mtu anaiandika, na kazi yake ni kulainisha tu. Kode iko kwenye linki, kuki inaingia, pesa inahesabika, hakuna "huenda" hapo. Kama mtu hakununua hatupati, ni kweli, lakini hiyo sentensi yenyewe imeshasema "ukinunua".

Iliyobaki ni hii, na imeingia kwenye mwongozo:

"Ukinunua kupitia linki hii duka linatulipa. Bei yako haibadiliki. Kwa kitu hiki tunapata kama dola 1 na senti 80."

Inakaa juu ya linki, si chini, kwa herufi za ukubwa ule ule wa maandishi mengine, rangi ile ile. Mdogo wangu ambaye ndiye anatengeneza kurasa alitaka iwe ya kijivu na ndogo ili ukurasa upendeze. Tulizungumza. Kitu cha kijivu na kidogo ni kile hautaki kisomwe, mtu wa Katuba anaisoma simu juani saa saba mchana, kijivu haionekani kabisa. Alikubali, na baadaye ni yeye aliyependekeza tuiweke hata kwenye ukurasa ambao una linki moja tu chini kabisa.

Yule mama hakuishia pale. Aliendelea kushuka, akafika kwenye batri, akauliza, "Na hii ya chini, hii haiwalipi?" Nikamwambia hapana mama, hii hatupati kitu. "Basi muandike pia." Hilo sikuliona kwenye mwongozo wowote wa Marekani wala wa Ufaransa, na limebadilisha mradi mzima. Kama unaandika tu penye pesa, msomaji lazima akumbuke kwamba ukimya maana yake hakuna pesa, na ukimya pia ndio sura ya mtu anayeficha. Kwa hiyo sasa kila pendekezo lina mstari wake. Penye komisyo panasema kiasi gani, pasipo na komisyo panasema hatupati kitu hapa.

Mwezi wa tatu, mwanzoni

Ile mistari ya "hatupati kitu" imetuonyesha jambo ambalo msomaji makini ataliona haraka: vitu vikubwa kwenye mwongozo wetu, karibu vyote, havitulipi. Chukua batri. Batri ya lithium ya 12 V na 100 Ah inabeba zaidi ya Wh (watt-saa) 1200. Abiria kwenye ndege anaruhusiwa betri ya akiba mpaka Wh 100, na mpaka 160 kwa ruhusa ya kampuni ya ndege, kwa hiyo shemeji anayetoka Dubai hawezi kukubebea kwenye begi, na kama mzigo wa kawaida ndege za abiria hazipokei lithium za namna hiyo tangu 2016. Inabaki meli mpaka Durban ao Dar es Salaam, kisha lori mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, kisha ushuru. Tunamwambia mtu anunue batri hapa mjini, aishike kwa mikono, kama ni ya madini ya risasi ya 100 Ah iwe na uzito wa kilo 25 mpaka 30, ikiwa nyepesi kama begi la shule aiache pale pale. Pano hivyo hivyo: mita moja ya mraba ya pano nzuri inatoa kama watt 200, mtu akikuuzia pano ya watt 300 inayoenea kwapani, karatasi iliyobandikwa nyuma inadanganya. Hayo yote yanapimwa dukani kwa macho, hakuna linki, hakuna senti.

Kinachobaki kwa linki ni vitu vidogo vinavyoingia kwenye mfuko wa mgeni: multimetre (kipimo cha umeme), viungio vya MC4 vya kuunganisha waya za pano, regilatere, fyuzi za DC (umeme wa pano na batri). Kwa hiyo kishawishi chetu kinajulikana kiko wapi, ni kumwambia mtu regilatere ya mtandaoni ni bora kuliko ile iko dukani avenue ya pili. Tumeliandika hivyo hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo: hapa ndipo pesa inaweza kutuvuta, mutuchunge hapa.

Na kuna kitu kingine tumekiweka pale. Amazon wakikupokea wanakupa siku 180 uwe umeleta mauzo matatu, ukishindwa wanafunga akaunti. Mtu akijua hiyo ataelewa kwa nini mapendekezo mengi mtandaoni yana haraka, kila mtu ana saa inayomlia nyuma. Yetu nayo inalia. Ikifungwa itafungwa, hatutabadilisha sentensi kwa ajili yake.

Mwezi wa tatu, wiki ya pili

Hii ndiyo imechukua muda wetu mwingi na haikuwa hata kwenye mpango.

Mwenye duka mmoja mjini, duka la batri na konvertisere (kifaa kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani), amesoma mwongozo, akaniita. Mtu mwenye heshima, ananiita mwanangu, akatoa kiti. Akasema ninyi munaandika vizuri, watu wakija wanasema tumesoma kwenye karatasi ya wale vijana, sasa munitumie watu, kila batri nitawaachia kitu. Alitaja kiasi na kwa kweli kilikuwa kikubwa kuliko komisyo ya regilatere mara nyingi sana.

Batri zake ni nzuri, tulishazipima na tulishaziandika kabla hajatuita. Kwa hiyo swali halikuwa kama tunadanganya watu. Swali ni kwamba hapa hakuna linki, hakuna kode, hakuna kuki, ni mtu anaingia dukani akisema nimetumwa na fulani, na hakuna sheria ya Amazon itakayotulazimisha kusema. Nafikiri hapa ndipo kazi yote ya uwazi inapimwa, maana kwenye linki hata mgeni anaweza kuiona kode akiangalia vizuri, ila komisyo ya mdomo haionekani na mtu yeyote mpaka uiseme.

Nilimjibu, "Papa, tunakubali, ila itaandikwa. Jina la duka, na kwamba kwa kila batri unatuachia kiasi hiki." Akacheka kwanza, akafikiri ni heshima za kijana. Alipoona ni kweli akanieleza shida yake bila hasira: wateja wakiona kile kiasi watasema basi utupunguzie sisi hicho, na maduka ya jirani yatajua anatoa ngapi. Nilimwelewa kabisa, biashara ni yake. Tukaachana kwa amani, hatuchukui kitu, na duka lake limebaki kwenye mwongozo pale pale lilipokuwa, na mstari wake unasema hatupati kitu hapa.

Mdogo wangu alihesabu tulichokiacha na alinyamaza kidogo. Kisha tukaandika kanuni, imeingia kwenye ukurasa wa kwanza: komisyo yoyote, ya linki ao ya mdomo, ya pesa ao ya kitu, hata batri tuliyopewa bure ya kujaribu, inaandikwa pamoja na kiasi chake, na asiyetaka kiandikwe hatupokei. Mtu akisikia popote kwamba tumepokea kitu hakijaandikwa aje atuulize mbele ya watu.

Mwezi wa tatu, wiki ya tatu

Mambo ya haraka haraka.

Vokali, yaani ujumbe wa sauti. Nusu ya wasomaji wetu hawasomi, wanasikiliza, wanatuma swali kwa vokali na tunajibu kwa vokali, na ile vokali inatumwa kwa shangazi, kwa jirani, mpaka kikundi cha kanisa. Mstari ulioandikwa haufuatani nayo. FTC nao wanasema kama pendekezo ni la sauti, taarifa nayo iwe ya sauti. Kwa hiyo kwenye kila vokali yenye pendekezo la kulipwa tunasema kabla ya kutaja duka: hapa ukinunua tunapata komisyo. Tunasema mwanzoni, si mwishoni, juu watu wanakata vokali wakishapata jibu.

Karatasi. Mkataba wa Amazon haukubali linki zao zenye kode kwenye kitu kilichochapishwa wala kwenye kitabu cha PDF. Basi toleo la karatasi na la PDF halina kode hata moja, jina la kifaa tu na vipimo vyake, mtu ajitafutie. Tunapoteza pesa hapo lakini imefanya karatasi kuwa safi kabisa, na tumeandika kwenye jalada kwamba ndani yake hakuna komisyo.

Wenye kuagiza kupitia kadi yangu. Hapa wengi hawana kadi ya benki, wananiletea dola mkononi niwaagizie. Mkataba unakataza kununua kwa kode yako mwenyewe, kwako ao kwa niaba ya ndugu na marafiki, na hata usingekataza, mtu ameshaniamini na pesa yake taslimu. Agizo lolote linalopita kwenye kadi yangu linakwenda bila kode.

Kugawana. Msomaji mmoja alitushauri turudishe nusu ya komisyo kwa mnunuzi, "Yaya, mugawane na watu, watawapenda." Wazo lina roho nzuri ila haliruhusiwi, Amazon hawakubali umpe mtu chochote ili abonyeze linki yako. Tumemjibu hivyo.

Linki fupi hatutumii. Linki fupi inaficha duka na inaficha kode. Tunaandika jina la duka waziwazi, na linki ndefu yote.

Mwezi wa tatu, mwishoni

Sasa kila kifaa cha mtandaoni kina linki mbili, moja chini ya nyingine: ya kwanza "duka linatulipa", ya pili "bila komisyo". Ni kitu kile kile, bei ile ile, ya pili haina kode yetu tu. Na tumeweka maelezo ya kusoma linki, kwa mfano kwenye Amazon kode ya mshirika inaonekana baada ya neno tag na alama ya sawasawa, ukiifuta kile kipande ukurasa unafunguka kama kawaida. Tumemfundisha kijana mmoja fundi wa simu soko Mzee Kabila, na yeye alienda kuzikagua linki za watu wengine alizonazo kwenye simu, akakuta nyingi zina kode na hakuna neno lolote la taarifa. Hiyo ndiyo faida niliyoitaka zaidi, msomaji akiondoka kwetu abaki na macho yake.

Niliulizwa kama sisi si wajinga kumpa mtu njia ya kutukwepa. Nadhani mtu akichagua linki ya kwanza huku ya pili iko chini yake, ametuamulia mwenyewe, ile dola 1 na senti 80 imetoka kwenye mkono wazi. Mwenye kuchagua ya pili hajatuibia kitu.

Upangaji wa vifaa tumeutenganisha na pesa. Mwenzetu anayepima, fundi wa kuran, haoni orodha ya maduka yanayolipa. Anapima regilatere kwenye pano ya kweli juu ya bati, anaandika ipi ya kwanza ipi ya mwisho, anafunga daftari. Mdogo wangu ndiye anatafuta linki baadaye, na haruhusiwi kugusa mpangilio. Regilatere ya kwanza kwenye orodha ya sasa inapatikana hapa mjini na haitulipi kitu. Ya pili inalipa. Imebaki ya pili.

Na gharama tumeamua kuandika yote mpaka Lubumbashi, si bei ya duka tu. Kitu cha dola 60 mtandaoni si cha dola 60 kikifika hapa, kuna kilo za gropaji (mzigo unaosafirishwa pamoja na wa wengine), kuna ushuru, kuna kusubiri. Kunyamaza juu ya hayo huku tukilipwa mtu akinunua ingekuwa ni kuficha, hata kama mstari wa komisyo umeandikwa kwa herufi kubwa. Kwa fyuzi za DC na viungio vya MC4 hesabu inakubali bado, ni vyepesi. Kwa konvertisere haikubali, tumewaambia watu wanunue hapa.

Mwezi wa nne, mwanzoni

Linki zimetoka wiki hii. Waliosoma wameuliza maswali kuliko kawaida, na maswali ni mazuri: kuki inakaa muda gani, kama simu ni ya kuazima nani anahesabiwa, kama dada yuko Ndola, Zambia, anaweza kununulia huko na kuvusha. Mtu mmoja aliandika kwamba sasa anasoma mwongozo kwa mashaka. Nilimjibu asome hivyo hivyo, na akikuta mpangilio unanuka pesa atuonyeshe mstari.

Kinachobaki: ukurasa wa mapato. Utaonyesha kila miezi mitatu kilichoingia duka kwa duka, hata kama ni sifuri, na kilikotumika. Amazon wanalipa kama siku 60 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo safu ya kwanza itakaa tupu kidogo. Pesa ya kwanza imeshapangiwa kazi, pensi ya kupima ampea za DC, maana ile tunayotumia inapima AC (umeme wa ukutani) tu na fundi analazimika kukata waya kila akitaka kujua batri inapokea kiasi gani. Tutainunua hapa mjini, kwa linki ya mtu yeyote hapana.